Ubeti wa Pili Hausikiki

Nimekaa katika miji mingi kiasi cha kujua kwamba kila mji una mtaa wake wa makochi. Huna haja ya kuuliza njia. Fuata mlio wa kompresa utafika. Nje utakuta fremu za mbao zimepangwa kama mifupa ya wanyama wakubwa, sponji za njano zimeegemezwa ukutani, na ndani kuna mtu mwenye misumari mdomoni anayekujibu kwa kutikisa kichwa. Katika lugha kadhaa nilizojaribu kuzizungumza, mtu huyo anaitwa kwa jina la kitambaa anachokishona. Katika mtaa nilikopanga chumba mwaka ule, watu waliangalia kilichofichwa ndani. Walimwita Sponji.

Karakana yake ilikuwa chini ya chumba changu. Sakafu yangu ndiyo ilikuwa dari lake, na mengi ninayoyaeleza hapa niliyasikia kwanza kupitia mbao hizo. Sehemu kubwa ya yaliyobaki nilijaziwa na yeye mwenyewe pamoja na mdogo wake, mmoja kwa maneno machache mno, mwingine kwa maneno mengi mno.

Sponji alikuwa mrefu, mabega yameinama kwa kazi, na mikono ya shati lake haikukosa nyuzi. Alifungua mapema, akafagia vipande vya kitambaa vya jana, akawasha kompresa, akaanza. Hakuwa mkali wala mpole. Alikuwa kama mkono ulioulalia ukafa ganzi: upo, unauona ni wako, lakini ukiuminya hauna habari.

Wateja walimzoea hivyo. Mwalimu mkuu mstaafu aliyeleta seti nzima ya sebuleni alimwambia siku moja, "Fundi, wewe ukitabasamu nitajua makochi yangu yameharibika."

"Basi omba nisitabasamu," Sponji alijibu, na kweli hakutabasamu.

Alikuwa ameoa, wakaachana. Mkewe alikaa mapokezi katika kliniki ya meno mchana, na usiku wa mwisho wa wiki aliimba hotelini. Walizaa binti, ambaye kila mtu alimwita Pipi, kwa hiyo mtaa mzima ukawaita wao Baba Pipi na Mama Pipi. Baadaye walizaa mtoto wa kiume. Huyo aliishi wiki chache tu, hata jina la utani hakuwahi kupata. Siku ya pili baada ya mazishi, nyundo ya Sponji ilisikika tangu asubuhi, na watu waliopita njiani waliambiana kwamba mwanamume wa kweli ndiye yule, anajua kujikaza. Waliishi pamoja miaka michache mingine. Halafu Mama Pipi akahamia vyumba viwili upande wa pili wa soko, akaenda na binti. Hakuna sahani iliyovunjwa. Hata majirani walichelewa kujua.

Mdogo wake Sponji aliitwa Waya. Alikuwa na studio nyuma ya duka la kutoa nakala, chumba kisicho na dirisha, kompyuta moja, spika mbili, na kuta zilizofunikwa kwa sponji ambazo kaka yake alimkatia kutokana na mabaki ya makochi, hizi njano, hizi kijivu, nyingine za rangi isiyo na jina. Waya alirekodi watu wasio na kampuni nyuma yao: kwaya, vijana wa mtaani, bwana mmoja wa bima aliyeamini ana kipaji. Kazi yake kubwa ilikuwa kuchanganya, yaani kukaa na ngoma, besi, gitaa na sauti, kila kimoja kimerekodiwa peke yake, akavipanga viweze kuishi nyumba moja bila kugombana.

Na alikuwa na utaratibu wake. Kabla hajaufunga wimbo wowote, aliubeba kwenye flashi mpaka karakana, akauchomeka kwenye redio ya Sponji yenye spika iliyopasuka, akaupiga huku kompresa inanguruma na cherehani inakwenda. Wimbo ukisikika pale, alisema, utasikika popote. Sponji aliruhusiwa kusema jambo la aina moja tu. Hakutakiwa kusema nzuri wala mbaya. Alitakiwa kusema ni nini hakisikiki.

"Sifa nimeshiba," Waya alinieleza. "Wakija hapa wote wananiambia moto, moto, moto. Ukitoka nje hakuna anayeuota. Kaka hana mpango wa kunifurahisha. Ndiyo maana namtumia."

Sponji aliifanya kazi hiyo vizuri kwa sababu hakutaka chochote kutoka kwenye wimbo. Aliusikiliza kama anavyosikiliza kochi likikaliwa: wapi panalia, wapi pamezama. Alimwambia bwana wa bima, kupitia kwa Waya, kwamba ngoma inamkimbiza na yeye hapendi kukimbia, apunguziwe mwendo. Aliiambia kwaya kwamba sauti za pili zote zimesongamana mlango mmoja, nusu zipelekwe kushoto na nusu kulia. Hakutumia maneno ya kitaalamu. Waya alikwenda kuyatafsiri kwenye mitambo yake, na mara nyingi wimbo ulirudi umepona.

Siku alipouleta wimbo wa Mama Pipi, Waya hakukaa kwenye kochi lililo karibu na redio kama kawaida yake. Alisimama mlangoni.

"Wa nani?" Sponji aliuliza. Alikuwa anavuta mikanda ya mpira kwenye fremu ya kiti cha watu watatu.

"Wa shemeji. Ameulipia mwenyewe, ameutunga mwenyewe. Anataka kuutoa."

Sponji akaendelea kuvuta. Gitaa likaanza, kisha sauti ikaingia. Kwangu juu niliweka kalamu chini, maana ilikuwa sauti ya mtu mzima, yenye uzito chini na mchanga kidogo juu. Sponji aliniambia baadaye kwamba alijaribu kukumbuka mara ya mwisho kuisikia ikiimba, akashindwa, akaacha kujaribu. Wimbo uliisha.

"Haya, sema," Waya alisema.

"Besi inaila ngoma. Mwanzo ngoma inagonga vizuri, besi ikiingia ngoma inakufa. Ipunguze besi tumbo."

"Sawa."

"Kwenye kiitikio, kila akisema neno lenye 's' linachoma sikio. Lipoze, lakini usilitoe. Kiitikio chenyewe usikiguse."

"Si tulikubaliana hakuna kusifu?"

"Sijasifu. Nimesema usikiguse."

"Haya. Kwisha?"

"Ubeti wa pili hausikiki."

Waya akachezea mfuniko wa flashi. "Hausikiki vipi?"

"Ubeti wa kwanza mtu yuko hapa. Kiitikio yuko hapa. Ubeti wa pili ametoka, anaimbia chumba cha nyuma na mlango umefungwa. Halafu kiitikio kikija anarudi. Alikwenda wapi?"

"Ni mtindo, kaka. Unamtia mwangwi, unamsogeza nyuma, msikilizaji anabaki anatamani. Siku hizi ndivyo wanavyofanya huko duniani."

"Mimi sitamani. Mimi sisikii."

"Wewe una vumbi la sponji masikioni."

"Ninalo. Na ubeti wa kwanza nimeusikia nalo hilohilo."

Waya akachukua flashi yake akaondoka. Siku chache baadaye alirudi. Besi ilikuwa imepungua, ngoma inapumua, zile 's' zimepoa. Ubeti wa pili ulikuwa umezama zaidi. Chini ya ile sauti ya mbali palikuwa sasa na vinanda vinavyovuta taratibu, vimejaa pote kama moshi jikoni.

"Umeongeza vinanda," Sponji alisema.

"Nimeongeza utamu."

"Umeongeza blanketi."

Waya alicheka peke yake. Sponji hakusukuma. Angeweza kusema vua blanketi nione aliyelala, lakini kusukuma kunahitaji kutaka kitu, naye kutaka kulikuwa kumemtoka zamani, bila kelele, kama upepo unavyotoka kwenye tairi. Alirudi kwenye kiti cha watu watatu. Nadhani mambo yangeishia hapo.

Jumamosi Mama Pipi alimleta binti kukaa kwa baba yake mpaka kesho yake. Pipi alipita moja kwa moja kwenda kujirusha juu ya rundo la sponji, jambo alilokatazwa kila wiki. Mama yake akabaki amesimama kati ya mlango na cherehani, bado ana viatu vyeupe vya kliniki.

"Habari za kazi, Baba Pipi."

"Nzuri. Za huko?"

"Salama." Akatazama kitambaa cha kijani kilichotandazwa mezani. "Cha nani hiki?"

"Cha yule mwalimu."

"Kitamchosha macho."

"Nilimwambia. Anakipenda."

Mama Pipi akaikunja ncha ya kitambaa, akaikunjua. Walikuwa na uzoefu wa kunyamaza pamoja.

"Waya amekusikilizisha wimbo?" aliuliza.

"Ndiyo."

"Basi umesikia mwenyewe. Anasema ubeti wa pili nimemeza maneno. Nimerudi studio nikauimba tena, nikauimba tena, kila nikitoka ananipigia: shemeji, bado hayatoki. Nimekunywa tangawizi mpaka tumbo linawaka." Aliyasema hayo kwa sauti ileile anayotumia kumwambia mgonjwa kwamba daktari atachelewa kidogo. "Nimemwambia aukate. Jumatatu anautuma, kwa watu wa redio na kwenye mitandao, bila huo ubeti."

"Na baadaye?"

"Baadaye nitapumzika. Hotelini nimeshawaambia watafute mwingine. Mtu ukifika mahali maneno yako mwenyewe hayakutoki, si unakaa chini?"

Alisubiri. Sponji alikuwa ameshika chaki, anatazama mstari aliouchora kwenye kitambaa cha kijani.

"Sawa," alisema.

"Sawa," Mama Pipi alisema, akamwita binti akamkumbusha mswaki, akaondoka.

Jioni ile hapakuwa na mlio wowote chini, isipokuwa Pipi akisimulia jambo refu la shuleni na baba yake akiitikia. Sponji aliniambia kwamba kitu kimoja kilimkaa kichwani, si kwa uchungu, bali kama kazi iliyopimwa vibaya inavyomkaa fundi. Mama Pipi hakuwa mtu wa kumeza maneno. Alikuwa akimtajia babu kiziwi saa ya miadi kwenye simu mbovu, na babu akaelewa mara ya kwanza. Katika magomvi yao machache, kila neno lake lilifika likiwa zima. Kama maneno hayasikiki, basi mlango umefungwa na mtu, na mwenye ufunguo wa mlango ule ni mmoja tu.

Jumatatu asubuhi hakufungua karakana. Mwalimu alikuja kuulizia makochi yake, akakuta kufuli, akagonga kwangu kuniuliza kama kuna msiba.

Waya alikuwa amevaa hedifoni. Alipomwona kaka yake mlangoni alizivua polepole.

"Leo umekuja huku?"

"Fungua wimbo."

"Nimeshaukata ule ubeti, kaka. Shemeji mwenyewe kasema."

"Kabla hujaukata. Zima vingine vyote. Nipe sauti peke yake."

"Sijaisafisha."

"Nipe chafu hivyohivyo."

Waya alitafuta, akabonyeza, akatafuta tena pasipo na haja. Ngoma ikazima, besi ikazima, gitaa likazima, vinanda vikaondoka. Chumba kikabaki na mlio wa mashine ya nakala upande wa pili wa ukuta. Kisha sauti ikaja, kavu, karibu kabisa, kama mtu anayepanga vijiko mezani kimoja kimoja:

*Uliondoka asubuhi, udongo haujakauka,*
*nikaisikia nyundo yako nikiwa kitandani.*
*Kila ulipogonga nilijiuliza*
*kama nilimzaa peke yangu.*

"Rudia," Sponji alisema.

Waya akarudia.

Sponji alisimama akangoja kitu kimjie. Alijua kinatakiwa kuja, kama mtu aliyejigonga anavyojua maumivu yako njiani. Hakikuja. Aliona tu kwamba kipande kimoja cha sponji, pale juu ya spika ya kulia, kimebanduka pembeni na kinahitaji gundi.

"Maneno yote yanatoka," alisema.

"Kaka."

"Hakuna hata moja lililomezwa."

"Sasa ulitaka nimwambie nini?" Waya aligeuza kiti chake. "Nimwambie shemeji, ubeti wako unamvua kaka yangu nguo barabarani? Mtaa mzima unajua ni nani aliyegonga nyundo asubuhi ile. Walikusifia. Mimi mwenyewe nilikusifia, nilisimama pale msibani nikasema kaka ni chuma. Leo nipeleke hii redioni, na mimi ndiye niliyeichanganya? Nikajaribu kuushusha kidogo. Ukauliza. Nikaweka vinanda. Ukauliza tena. Nikaona heri aukate mwenyewe kwa hiari yake."

"Umemwambia koo lake limeisha."

"Sikusema limeisha. Nilisema maneno hayatoki."

"Yeye amesikia limeisha. Ameacha na hotelini."

Hilo Waya hakulijua. Alishika paji la uso. "Nilikuwa nakulinda wewe," alisema.

"Nilikuomba?"

"Wewe huwa unaomba? Wewe huwa unasema kitu? Mtu inabidi akubahatishie, kaka. Tumekaa miaka yote hii tunakubahatishia. Nimebahatisha vibaya, basi."

Sponji aliliwaza hilo. Akaona halina kasoro.

"Mpigie aje," alisema. "Usiutume kwanza."

"Umwambie wewe?"

"Utamwambia wewe. Mimi nitasema habari za gitaa."

Alikuja wakati wa mapumziko ya mchana, na sare yake ya kliniki, akinukia dawa ya meno. Chumba kilikuwa na kiti cha Waya na viti viwili vidogo. Mama Pipi alikalia kimoja, kingine akaweka mkoba wake juu yake. Sponji alibaki amesimama, ameegemea ukuta aliouvisha yeye mwenyewe.

Waya alieleza. Alieleza vibaya, akianzia katikati, akirudi nyuma, akijitetea pasipo na aliyemshtaki. Mama Pipi alimsikiliza mpaka mwisho mikono ikiwa mapajani.

"Kwa hiyo koo langu halina kitu," alisema.

"Halina kitu, shemeji. Ni zima kabisa."

"Na ile siku nilirudia ubeti mpaka nikakaa chini kwa kizunguzungu, ulikuwa unanisikia vizuri."

"Nilikuwa nakusikia. Nisamehe."

"Nitakusamehe nikishamaliza kukuchukia. Subiri zamu yako." Kisha, bila kugeuka: "Na Baba Pipi ameusikia?"

"Nimeusikia," Sponji alisema.

Waya, ambaye kimya kinamwasha kama upupu, akauliza kwa unyonge, "Sasa nifanye nini?"

"Toa vinanda," Sponji alisema.

Vinanda vikatoka. Akaendelea, kwa sauti ileile ya karakana, macho kwenye spika. Gitaa lilikuwa limekaa kwenye kiti cha sauti. Lihamie kushoto, likae kwenye kigoda, lisionekane mpaka kiitikio. Mwangwi upungue. Si kuutoa wote, maana bila mwangwi kabisa sauti ya ubeti wa pili na ya ubeti wa kwanza zingeonekana za watu wawili tofauti. Ubaki kidogo tu, wa chumba cha kawaida chenye kitanda. Ngoma ibaki ilivyo. Waya alifanya kila alichoambiwa, akacheza, akasimamisha.

"Pandisha sauti," Sponji alisema.

Akapandisha.

"Bado."

"Kaka, itatoka nje ya wimbo."

"Bado."

"Mimi naona inatosha," Mama Pipi alisema.

"Kwenye spika hizi inatosha. Kwenye redio yangu haitoshi."

Waya akapandisha kidogo tena. Walipocheza, Sponji aliinua mkono kabla ya mstari wa mwisho.

"Hapa umekata kitu."

"Nimekata pumzi. Pumzi ni uchafu, kila mtu anazikata."

"Nyingine kata. Hii irudishe. Anavuta pumzi kwa sababu ya kinachokuja. Ukiitoa, mstari unamwangukia tu msikilizaji hana habari."

Mama Pipi aligeuka akamtazama, mara ya kwanza tangu aingie. Waya akairudisha pumzi. Wakasikiliza ubeti wote, kuanzia udongo mpaka mwisho, na safari hii hakuna aliyekuwa chumba cha nyuma. Upande wa pili wa ukuta mtu aliomba nakala za cheti cha kuzaliwa, akaambiwa asubiri wino.

"Baba Pipi," Mama Pipi alisema. "Humo ndani kuna uongo?"

Sponji alifikiri. Ndivyo alivyokuwa: ukimuuliza swali la kweli, alikwenda kulitafuta jibu, hata kama utachoka kumngoja.

"Hakuna," alisema. Kisha akasema, "Ila hapakuwa na kazi."

"Kazi gani?"

"Siku ile. Sikuwa na kochi la mtu. Ile ilikuwa fremu tupu. Nilikuwa napigilia msumari, nang'oa, napigilia tena palepale."

Alilisema kama alivyosema la besi na la gitaa. Waya aliganda na mkono wake juu ya kipanya.

"Mpaka jioni?" Mama Pipi aliuliza.

"Mpaka ubao ulipopasuka. Halafu nikachukua mwingine."

"Mimi nikadhani una oda."

"Kila mtu alidhani."

"Mbona hukusema?"

"Sikuwa na cha kusema. Bado sina. Nakwambia tu ilivyokuwa."

Hakuna aliyelia katika chumba kile. Wote watatu walikiri hivyo kwangu, kila mmoja kwa wakati wake, kana kwamba ni jambo la kujieleza. Mama Pipi alitazama saa yake ya mkononi, akaipangusa kioo kwa kidole gumba. Mgonjwa wa kwanza wa mchana alikuwa karibu kufika kliniki.

"Nibadilishe?" aliuliza. "Naweza kurudi jioni nikauimba upya, kwa kuwa sasa najua."

"Usibadilishe. Ulichosikia ni nyundo."

"Watu watakusema."

"Watasema."

"Na wateja wako?"

"Wateja wangu wanataka makochi."

Akamtazama kitambo, kama mtu anayejaribu kusoma kibao kwa mbali, kisha akamgeukia Waya.

"Tuma."

"Mzima? Na ubeti wa pili?"

"Mzima. Na ukishatuma unipigie ile hoteli, uwaambie ni wewe mjinga, si mimi."

"Nitawaambia, shemeji."

Waya akabonyeza. Kwenye kioo kukatokea mstari mwembamba wa kijani, ukasogea kidogo, ukasimama. Mtandao wa pale ulikuwa wa kugawana na duka la nakala, na wa duka wa kugawana na jengo zima.

"Msiguse simu zenu," Waya alisema. "Huu mtandao una wivu. Ukiona mtu anautumia kwingine unanuna."

Mstari ukasogea, ukasimama tena. Mama Pipi hakuinuka, ingawa muda wake ulikuwa umekwisha. Bila kuondoa macho kwenye kioo, alinyoosha mkono akautoa mkoba wake kwenye kile kiti cha pili, akaupakata.

Sponji alikiangalia kiti, miguu yake kwanza na kisha kikalio, kama fundi anavyokiangalia kiti chochote. Halafu akakaa.